Nani Atampima Mama? Lugha ya Maumivu ya Moyo Lodwar na Kakuma

Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii imerudiwa madarasani, katika mikutano ya wazazi na katika insha za mitihani kiasi kwamba ni wachache wanaosita na kuuliza: huyo mwenye kazi ya kulea ana hali gani? Akiitwa mama, je, huulizwa habari zake mwenyewe, au huulizwa habari za mtoto tu? Swali hili lina uzito kila mahali. Lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambako wako wasichana wanaoitwa mama kabla ya kuumaliza utoto wao, na ambako wengine hulea bila mume wala msaada wowote wa baba wa mtoto.

Katika zahanati na vituo vya lishe vya eneo hilo, kuanzia Lodwar hadi Kakuma, hutumika utepe mwembamba wenye rangi tatu. Muuguzi huuzungusha kwenye mkono wa mtoto, kati ya bega na kiwiko. Utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi ni nyekundu na mtoto yumo hatarini. Ukifika sentimita 12.5 na zaidi, rangi ni kijani na mama huambiwa arudi nyumbani. Kipimo hiki ni rahisi, ni cha haraka, na kimeokoa watoto wengi. Lakini moyo wa aliyembeba mtoto huyo mpaka zahanati haupimwi kwa utepe. Hakuna utepe wa kumzungushia mama moyoni ili ijulikane kama yumo katika wekundu au katika kijani. Kipimo pekee kinachoweza kumfikia huko ni swali, na swali huulizwa kwa lugha.

Makala haya yanashikilia kwamba afya ya akili ya mama kijana anayelea peke yake si suala la madaktari na wafadhili peke yao. Kwa kiasi kikubwa ni suala la lugha, na kwa hiyo ni deni la wasomi wa Kiswahili. Maadamu maneno yaliyopo ama humtusi mama huyo, ama humsifu kwa kunyamaza, ama hayamfikii kabisa, ataendelea kupita mbele ya meza ya muuguzi akiwa na mzigo ambao hauandikwi popote.

Ni vema kwanza kutazama mahali penyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 926,976 katika Turkana. Lodwar, makao makuu ya kaunti, ni mji uliokua kando ya mto Turkwel. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilikatisha tamaa mfululizo katika Pembe ya Afrika, na mifugo mingi ya wafugaji ikateketea. Familia zilizopoteza mbuzi na ngamia zilisogea karibu na miji na barabara. Mwanamke asiye na mifugo huishi kwa kuchoma na kuuza makaa, kuokota kuni, kuchota maji kwa malipo, au kusuka vikapu kwa majani ya mikoma.

Takribani kilomita 120 kutoka Lodwar, kwenye barabara iendayo Lokichoggio, iko Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa baadaye katikati ya miaka ya 2010. Leo maeneo hayo mawili yana takribani watu 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Ethiopia, Sudan na kwingineko. Wapo wanawake waliofika bila waume kwa sababu waume waliuawa, walibaki vitani, au walipotea njiani. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa chakula ulikatwa sana, kisha familia zikaanza kupangwa katika makundi kulingana na kiwango cha uhitaji wao. Pigo hilo halikuishia ndani ya kambi. Mwanamke wa Kiturkana aliyekuwa akipeleka kuni na makaa kambini ili apate unga alijikuta hana wa kumuuzia. Hivyo mama mkimbizi na mama mwenyeji, ambao mara nyingi huzungumziwa kana kwamba ni maadui, walilala na njaa ya aina moja.

Upweke wa mama kijana wa Kiturkana una sura yake. Kwa desturi, ndoa hukamilishwa kwa mahari ya mifugo, na mtoto aliyezaliwa kabla ya mahari kutolewa huhesabiwa kuwa wa boma la baba wa msichana. Desturi hiyo ilikuwa na ukali wake, lakini ilimpa mtoto mahali pa kulala na jina la kuitwa. Sasa mifugo imekwisha, boma limevunjika, na babu mwenyewe anasubiri chakula cha msaada. Msichana aliyejifungua akiwa shuleni hujikuta katika chumba cha kupanga pembezoni mwa Lodwar, hana mume wa kumtetea wala boma la kurudia. Kenya imekuwa na sera ya kuwarejesha shuleni wasichana waliojifungua tangu mwaka 1994, na miongozo mipya ilitolewa mwaka 2020. Hata hivyo, sera humfungulia mlango wa darasa tu. Haimwambii nani atabaki na mtoto, wala haimwulizi usiku wake ulikuwaje.

Yamkini msomaji atauliza: je, huzuni ya mama ina uhusiano gani na mkono wa mtoto? Uhusiano upo, tena umethibitishwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, takribani asilimia 15.6 ya wanawake wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa huzuni iliyopita kiasi. Mapema katika miaka ya 2000, uchunguzi uliofanywa karibu na Rawalpindi, nchini Pakistan, ulionyesha kwamba watoto wachanga wa akina mama waliougua huzuni hiyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kudumaa na ya kuharisha mara kwa mara kuliko watoto wa majirani zao. Jinsi mambo yanavyokwenda si fumbo. Mama aliyelemewa huona kunyonyesha ni mzigo. Husahau siku ya kliniki. Hamwongeleshi mtoto, hamwimbii, hamtazami usoni. Mtoto akiharisha, nguvu za kuamka na kumchanganyia maji ya chumvi na sukari hazipo. Hapo ndipo mtoto hupewa chakula cha lishe, akanenepa, akaruhusiwa, kisha baada ya miezi miwili akarudi na utepe ukasoma nyekundu tena. Muuguzi aliyechoka huandika kwamba mama ni mzembe. Neno hilo, mzembe, limefunika maradhi mengi.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Msamiati ambao Kiswahili cha kila siku humpa mama huyu umegawika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la matusi: wazimu, kichaa, mwendawazimu, punguani. Mtu aliyeitwa hivyo hupoteza heshima, hupoteza ushahidi wake mbele ya wazee, na huenda akapoteza hata mtoto. Ndiyo maana istilahi rasmi ya afya ya akili, ijapokuwa ni sahihi, humtisha mama wa kawaida. Kwake yeye akili ndiyo inayomtenganisha mtu na kichaa. Akiambiwa aende akaonwe kuhusu akili, huelewa kwamba ameshahukumiwa. Atajibu haraka kwamba yeye ni mzima, na mazungumzo yataishia hapo.

Fungu la pili ni la kusifu ukimya: vumilia, jikaze, piga moyo konde, mvumilivu hula mbivu. Maneno haya yana hekima yake, na wapo waliovushwa nayo. Lakini yanapokuwa jibu pekee, humgeuza mgonjwa kuwa shujaa ili asipate tiba. Msichana wa miaka 17 anayeambiwa ajikaze na mama yake, na shangazi yake, na mhubiri, na muuguzi, hujifunza kwamba kulalamika ni aibu kuliko kuumia. Na wahenga hao hao walionya kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Fungu la tatu ni la istilahi za wataalamu. Tanzania neno sonona, lenye undugu na kitenzi sononeka, limeenea katika maandishi ya afya; Kenya magazeti na vitabu hupendelea unyogovu; wengine husema mfadhaiko. Wanaisimu wanaweza kubishana mwaka mzima juu ya neno lipi ni bora. Wakati huo huo mama aliyeketi kwenye benchi la zahanati hajawahi kulisikia hata moja. Aghalabu yeye husema ana mawazo. Husema anawaza sana, usingizi umepaa, moyo ni mzito, mwili umekufa ganzi, hasikii ladha ya kitu. Maneno hayo hayamo katika orodha za istilahi, lakini ndiyo yanayobeba ugonjwa wenyewe.

Tatizo hudhihirika zaidi wakati wa kutafsiri maswali ya uchunguzi. Dodoso lililoenea duniani la kuchunguza huzuni baada ya kujifungua lilichapishwa mwaka 1987 na John Cox na wenzake, kwa msingi wa kazi iliyofanyika Edinburgh na Livingston nchini Uskoti. Lina maswali 10. Swali moja hutumia msemo wa Kiingereza ambao, ukitafsiriwa neno kwa neno, husema mambo yamekuwa yakimpanda mtu juu. Mama wa Lodwar akiulizwa kama mambo yanampanda juu, atacheka au atanyamaza. Lakini akiulizwa kama mambo yamemwelemea, au kama maji yamemfika shingoni, atajibu. Vivyo hivyo, mtu hawezi kuulizwa kama anajisikia chini, kwa sababu katika Kiswahili chini ni mahali pa kukaa. Tafsiri za Kiswahili za madodoso ya namna hii zipo. Hata hivyo, pale ambapo tafsiri njema haiko mezani, muuguzi hulazimika kutafsiri papo kwa papo, na kosa la tafsiri huandikwa kama afya ya mgonjwa.

Inafaa ikumbukwe kwamba Cox huyo huyo, kabla ya kuunda dodoso lake, alifanya utafiti Uganda katika miaka ya 1970, miongoni mwa akina mama Waganda. Huko alikuta neno amakiro, jina la Kiganda la maradhi ya akili yanayompata mzazi baada ya kujifungua. Kwa itikadi ya jamii, maradhi hayo yalihusishwa na kukosa uaminifu wakati wa ujauzito. Mfano huu hufundisha mambo mawili kwa pamoja. Jamii za Kiafrika hazikusubiri wageni ili zitambue kwamba uzazi unaweza kuvuruga akili. Zilikuwa na jina. Lakini jina linaweza kuwa na lawama ndani yake, na mwanamke aliyepewa jina hilo alibeba ugonjwa na tuhuma pia.

Zimbabwe iliendelea hatua moja mbele. Kishona kina neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo msemaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa jirani wa mawazo. Badala ya kulifuta neno hilo na kuleta istilahi ngeni, wataalamu wakiongozwa na daktari Dixon Chibanda walilifanya kuwa mlango. Tangu miaka ya kati ya 2000 waliwafunza akina bibi wa mitaa ya Harare kuketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuzungumza na wenye kufungisisa kwa lugha yao, tatizo moja baada ya jingine. Matokeo ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliozungumza na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi lenyewe ni mbao tu. Kilichofanya kazi ni neno ambalo mgonjwa hakulionea haya.

Kenya nayo si kwamba haijui nguvu ya jina la nyumbani. Serikali ilipoanzisha mpango wa uzazi bila malipo chini ya bima ya taifa mwaka 2016, iliuita Linda Mama, na hata asiyejua kusoma alielewa. Vocha ya chakula iliyoanza kutumika Kakuma mwaka 2015 iliitwa Bamba Chakula, na wakimbizi wa mataifa mbalimbali wakalishika jina hilo mara moja. Lugha ilipatikana kwa ajili ya tumbo la uzazi na kwa ajili ya tumbo la njaa. Kwa ajili ya moyo, bado. Na hali si kwamba sheria imenyamaza. Jopo la kitaifa lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Sheria ya afya ya akili ikarekebishwa mwaka 2022. Na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujitoa uhai ni kinyume cha Katiba. Katiba hiyo hiyo ya mwaka 2010 hukitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na humpa kila mtu haki ya afya. Vifungu hivyo viwili havijakutanishwa kwenye meza ya muuguzi.

Wanafunzi wa fasihi nao hawana budi kujisaili. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, Rosa hujiua. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ya mwaka 2014, riwaya iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa katika shule za upili za Kenya, Pete aliyeozwa akingali mdogo hujaribu kujitoa uhai. Maelfu ya wanafunzi wameandika juu ya wahusika hao. Aghalabu wameandika kuhusu malezi, ukengeushi, mimba za mapema na ndoa za lazima. Wametaja dhamira, wakapata alama. Ni mara ngapi wameelekezwa kuuliza wahusika hao walikuwa wakiumwa nini, ni maneno gani waliyokosa ya kusema, na nani alikuwa karibu akashindwa kusikia? Fasihi iliyokwisha kuingia katika nafsi ya msichana husomwa kama onyo kwa wasichana. Kwa kuisoma hivyo, darasa hufanya kile kile afanyacho jirani wa Lodwar: huhukumu kabla ya kuuliza.

Zipo hoja mbili za kupinga rai hii, na zote mbili zina nguvu. Ya kwanza ni kwamba tatizo la Turkana ni njaa, na maneno hayaliwi. Ni kweli kwamba hakuna swali jema linaloweza kuwa mbadala wa unga, na mtu akimwendea mama mwenye njaa kwa dodoso tupu amemdhihaki. Lakini chakula na moyo si washindani. Chakula kile kile cha lishe hupita mikononi mwa mama kabla ya kumfikia mtoto, na mikono iliyokata tamaa hukipoteza njiani. Kumwuliza mama hali yake ni sehemu ya kumlisha mtoto.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: mama wa Turkana huzungumza Kiturkana, na Kakuma kuna Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kiarabu cha Juba na Kirundi, Kiswahili kinatafuta nini hapo? Jibu ni kwamba Kiswahili hakiendi hapo kuchukua nafasi ya lugha ya mama. Kipo tayari. Ndicho kinachotumiwa mara nyingi na muuguzi aliyetoka mbali, na mkalimani, na Mkongo anayeishi jirani na Mrundi, na msichana wa Lodwar aliyesoma hadi darasa la saba. Kikiwa daraja, lazima mbao zake ziwe imara pande zote mbili. Mkalimani akipewa neno wazimu, atatafuta tusi linalolingana nalo katika lugha yake. Akipewa moyo mzito, atatafuta huzuni inayolingana nayo. Tena Kiswahili chenyewe kina mengi ya kujifunza kutoka kwa Kiturkana, ambacho kwa hakika kina njia zake za kutaja uchungu wa mama.

Kwa hiyo kazi iliyopo inajulikana, na haihitaji majengo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hufanya makongamano kila mwaka na ziara za kitaaluma karibu kila muhula. Ziara moja na ielekee Lodwar na Kakuma, si kwa kupiga picha za ukame, bali kwa kukusanya maneno kwa ridhaa ya wenyewe: akina mama husema nini wanapolemewa, huambiana nini kisimani, humwambia nini mkunga, na ni neno gani lingewafanya wanyamaze. Maneno hayo yaletwe mbele ya wauguzi na wakalimani, maswali ya dodoso yaandikwe upya kwayo, kisha yasomwe tena kwa akina mama wale wale hadi yaeleweke bila kufafanuliwa. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba ni 100,000 nchini kote, tayari hubisha hodi nyumba hadi nyumba. Wapewe maswali hayo pamoja na utepe. Tasnifu za uzamili zinazorundikana maktabani juu ya uundaji wa istilahi zipate mahali pa kujaribiwa. Mjadala wa sonona na unyogovu uendelee, lakini uendelee baada ya kumsikiliza mwenye maumivu, si kabla.

Wala swali lenyewe si lazima liwe gumu. Mtoto akishapimwa mkono na namba ikaandikwa kitabuni, muuguzi anaweza kumgeukia aliyembeba na kumwuliza: na wewe, mama, unalala? Mawazo hayajakuzidi? Kisha anyamaze kidogo, amsubiri ajibu.